Mtori, Mawese na Maziwa ya Mama

Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, msimu wa mvua ndio msimu wa njaa. Ghala zinakaribia kwisha, mavuno bado, na kazi ya shamba imepamba moto. Mama anayenyonyesha hukonda. Watafiti kutoka Uingereza waliofanya kazi kijijini hapo miaka ya 1970 na 1980 waliona dawa yake ni kumlisha mama ili maziwa yaongezeke. Wakawapa kinamama biskuti na chai yenye virutubisho, ulaji wao ukapanda kwa takriban kilokalori 700 kwa siku. Watoto walipimwa kwenye mizani kabla na baada ya kunyonya, ijulikane kila mmoja amepata kiasi gani.

Maziwa hayakuongezeka. Mama waliongezeka uzito kidogo, na uwezo wa kushika mimba ukawarudia mapema zaidi, lakini watoto walinyonya kiasi kilekile.

Habari hii haiwapendezi bibi wa Kilimanjaro wanaopika mtori wa ndizi, wala shangazi wa pwani wanaomkorogea mzazi uji wa pilipili manga. Hata hivyo, siamini kwamba wamepotea. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa: mtoto akivuta, homoni ya prolaktini hupanda; titi likiachwa limejaa, lenyewe hupunguza kasi. Mama anayepikiwa, anayefuliwa nepi na kupumzishwa kuchota maji hupata nafasi ya kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana. Huenda nguvu ya mtori imo kwa mpishi kuliko kwenye ndizi. Maji nayo anywe ya kukata kiu. Kujilazimisha vikombe juu ya vikombe hakuongezi kitu.

Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87. Kiasi cha maji hayo huamuliwa hasa na sukari ya maziwa, laktosi, ambayo titi huitengeneza lenyewe kutokana na sukari ya damuni na kiwango chake hakiyumbi, mama ale ugali mkavu au pilau. Kalsiamu pia haiyumbi, ila inatoka wapi? Mifupani. Mama anayenyonyesha hupoteza kati ya asilimia 3 na 6 ya madini ya mifupa yake, kisha akiachisha mtoto mwili huyarudisha. Hukohuko Gambia, ambako kinamama hula kalsiamu kidogo sana, walipopewa vidonge vya madini hayo kalsiamu ya maziwa yao haikupanda. Mtoto analindwa, anayelipa ni mama.

Ulinzi huo una mwisho. Vitamini A, B1 na B12 pamoja na madini joto hufuata sufuria ya mama. Kambodia imelijua hili kwa uchungu. Mzazi aliyewekwa kwenye mwiko wa vyakula, akala mchele uliokobolewa ukawa mweupe kabisa, hukosa B1 na mtoto naye huikosa. Kichanga cha miezi miwili au mitatu, aliyekuwa amenawiri, sauti yake ya kulia hukauka, kisha moyo hulegea. Akiwahiwa sindano ya vitamini hiyo, huinuka ndani ya saa chache. Asipowahiwa hufa, na mama anaweza kuwa hana dalili yoyote.

Kwa vitamini A, Tanzania ina mfano wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa wajawazito na wanaonyonyesha vijijini mawese mekundu, na kiwango cha vitamini hiyo katika maziwa yao hakikushuka. Wekundu huo ndio wenyewe: ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wapo wanaoyaunguza mawese jikoni mpaka yapauke ili harufu itoke. Yakipauka, dawa imekwenda na moshi.

Mafuta ya maziwa yana tabia ya katikati: wingi wake haufuati sana mlo, aina yake inafuata. Mama wanaokula samaki wa Ziwa Kitangiri, katikati ya Tanzania, walikutwa na maziwa yenye DHA kwa wingi, mafuta yanayojenga ubongo na macho. Dagaa si chakula cha kudharau.

Hata ladha hupita. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapa kinamama vidonge vya kitunguu saumu. Harufu ya maziwa ikabadilika, ikafikia kilele baada ya kama saa mbili, na watoto wakakaa kwenye titi muda mrefu zaidi. Sioni basi sababu ya kumnyima mzazi viungo kwa hofu ya kumkera mtoto.

Uzito ukianza kuteremka kwenye kadi ya kliniki, lawama huangukia maziwa. Mara nyingi, hasa baada ya miezi sita, tatizo ni uji mwepesi kama maji na kuhara. Kufikia hapo akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo mtoto imepungua, na maziwa yana kidogo tu ya kuongezea, hata mama akila maini kila siku. Mtoto mwenyewe ndiye apewe maini, maharage na mboga. Mtori wa mama nao uliisha siku ya arobaini, ilhali kunyonyesha bado kunamdai kilokalori kama 500 kwa siku.