Robin Szolkowy: wetu au si wetu?

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, kwa bibi Ibra, nilikuwa nimejilaza na simu. Nje jua la kuchoma, ndani mie naangalia mwanamme na mwanamke wanateleza kwenye barafu. Bibi akasogea akachungulia. "Huyo kijana mweusi wa wapi?"

"Mjerumani, bibi. Lakini baba yake Mtanzania."

"Basi wetu huyo!"

Shangazi akadakia kutoka jikoni: "Wenu vipi? Kiswahili anakijua?"

Mabishano yale ndiyo yaliyozaa kipindi cha wiki hii. Mliokwisha kusikiliza, hapa kuna yale ambayo hatukuwahi kuyasema. Msiosikiliza bado, someni kwanza, mtatukuta huko.

Kijana mwenyewe ni Robin Szolkowy. Amezaliwa tarehe 14 Julai 1979, Greifswald, mji wa pwani ya kaskazini ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Mama Mjerumani, baba Mtanzania. Bibi anaijua Ujerumani ile kwa njia yake: ndiyo iliyojenga majumba ya Kikwajuni baada ya mapinduzi ya 1964, wakati watu wetu wengi wanaondoka Unguja. Na Waafrika nao walikwenda kusoma kule, wengi wakarudi makwao walipomaliza.

Kwanza tuwekane sawa, maana wengi tunauita wote "dansi ya barafuni". Dansi yenyewe ni mchezo mwengine. Hakuna kumrusha mwenzako, hakuna kumbeba juu ya kichwa. Watu wanahukumiwa kwa miguu na mwendo wa muziki. Robin alicheza ule wa jozi, wenye hatari zaidi. Mwanamme anamwinua mwanamke kwa mikono iliyonyooka huku anateleza kwa kasi, au anamrusha hewani, mwenzake anazunguka mara tatu na kutua peke yake kwa mguu mmoja, juu ya chuma chembamba. Yaani kama humwamini mtu, usithubutu.

Mwaka 2003 Robin hakuwa na mwenzake. Na Aliona Savchenko, msichana wa miaka 19 kutoka Ukraine aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000, naye hakuwa na wake. Akahamia Chemnitz, kwa kocha Ingo Steuer, na hapo ndipo walipoanza. Ili ashiriki Olimpiki kwa Ujerumani alihitaji uraia, na aliupata wiki chache tu kabla ya michezo ya Turin ya 2006. Wakashika nafasi ya sita.

Lakini mwaka huohuo kukazuka jambo zito. Ilifichuka kwamba kocha wao, alipokuwa kijana, aliwapelekea habari usalama wa taifa wa Ujerumani Mashariki, ile Stasi. Wakubwa wa michezo wakataka akae kando, fedha za serikali zikafungwa kwake. Wanafunzi wake wawili hawakumwacha. Waliendelea naye, wakabeba wenyewe gharama zake. Kwenye kipindi tulibishana sana kuhusu hili. Mie sijui ningefanya nini. Wako watu waliochongewa na Stasi wakapoteza maisha yao, na wako wawili hawa ambao kazi yao yote ilikuwa mikononi mwa mtu huyo. Yote mawili ni kweli.

Baada ya hapo walishinda karibu kila kitu. Mabingwa wa Ulaya mara nne. Mabingwa wa dunia mara tano: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Kilichowakimbia ni dhahabu ya Olimpiki. Vancouver 2010 walichagua muziki wa filamu ya Out of Africa. Fikirini: mtoto wa Mtanzania, yuko Canada, amevaa bendera ya Ujerumani, anateleza kwa muziki wa filamu ya mzungu na shamba lake Kenya. Wakapata shaba. Sochi 2014 wakajaribu mrusho mgumu sana, mizunguko mitatu na nusu, mwishoni kabisa mwa mchezo. Aliona akaanguka. Shaba tena. Mwezi wa pili yake wakachukua ubingwa wa dunia Japani, na Robin akastaafu.

Aliona hakukubali. Akatafuta mwenzake mpya, Bruno Massot, Mfaransa, ambaye naye ilibidi asubiri uraia wa Ujerumani. Pyeongchang 2018, Olimpiki yake ya tano, siku ya kwanza walikuwa wa nne. Siku ya pili wakapanda mpaka dhahabu, kwa tofauti isiyofika hata nusu pointi. Na Robin alikuwa wapi? Palepale ukumbini, lakini upande wa Urusi, mmoja wa makocha wa Tarasova na Morozov. Wao walikuwa wa pili siku ya kwanza. Wakamaliza wa nne. Ndoto waliyoifukuza pamoja kwa miaka kumi na moja, mwenzake kaipata na mtu mwengine, mbele ya macho yake.

Sasa turudi kwa swali la shangazi.

Baba yangu kazaliwa Unguja. Alikuja Oman miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa nje warudi. Jina lake la ukoo Ibra nzima wanalijua. Paspoti kapewa. Lakini akienda sokoni akifungua mdomo, Kiarabu kinakwama, na watu wanamwita Zinjibari. Jina la hapa, ulimi wa kule. Robin ni kinyume chake: ulimi wa hapo hapo Ujerumani, kazaliwa hapo hapo, lakini uso wake unaulizwa umetoka wapi. Hata bibi yangu, ambaye ameulizwa swali hilo Ibra nusu ya umri wake, ndilo la kwanza alilomuulizia.

Ndiyo maana mie nasita kusema "wetu". Kalelewa Ujerumani, jasho lake limemwagika Chemnitz. Tukimdai leo kwa sababu ana medali, tofauti yetu ni ipi na wale waliotukataa kwa sababu ya lafudhi? Wote tunamkatia mtu shauri bila kumuuliza.

Nilimweleza bibi haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu, akaitazama ile video tena.

"Sawa," akasema. "Si wetu. Lakini mwombee dua."

Wenzetu wa Sur, Nizwa na kwengineko: nyumbani kwenu nani alisemwa "si wetu", na nani alisema? Tutumieni sauti zenu, tuzipige kipindi kijacho. Kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, au mchanganyiko kama wetu.