Utangulizi: Kuunda Kompyuta ya Gemu kwa Mfuko Mdogo

Fani unayoingia haifundishwi sana vyuoni, lakini ina kanuni zake, historia yake na mabishano yake, tena makali. Inamhusu mtu mwenye fedha kidogo anayetaka kompyuta ya kuchezea gemu leo, na mwakani aiongezee nguvu bila kuanza upya. Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi, kisha atakutajia kadi ya grafiksi. Wanunuzi wengi huanzia hapo. Mimi nitakuomba kadi uiache iwe ya mwisho.

Vifaa vya kompyuta havizeeki kwa mwendo mmoja. Kadi ya grafiksi hupitwa na wakati upesi, na kuibadilisha ni kazi ndogo: unalegeza skrubu, unachomoa ya zamani, unachomeka mpya. Ramu na SSD ni vivyo hivyo. Ubao mama ni habari nyingine. Ukiubadilisha, mashine nzima inafumuliwa, na mara nyingi prosesa na ramu zinaondoka nao. Pawa saplai nzuri nayo hukaa kuliko kompyuta yenyewe; zipo zinazouzwa na waranti ya miaka 10. Kwa hiyo fedha yako ina mafungu mawili, la vitu vinavyokaa na la vitu vinavyopita. Vya kukaa nunua vizuri mara moja. Vya kupita nunua kwa kadiri ya haja ya sasa.

Tuanze na soketi, yaani pale prosesa inapokaa kwenye ubao mama, maana ndiyo inayoamua utaweza kwenda umbali gani. Prosesa za kwanza za Ryzen, za kampuni ya AMD, zilitoka Machi 2017 kwa soketi ya AM4. Aprili 2022 AMD ikatoa Ryzen 7 5800X3D kwa soketi hiyohiyo. Mtu aliyenunua ubao wa B350 na Ryzen 3 1200 ya bei ya chini mwaka 2017 aliweza, mara nyingi, kusasisha BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao, akaweka moja ya prosesa bora za gemu za wakati huo, na ramu yake ikabaki ileile. Sasa tazama upande wa Intel. Mwaka huohuo wa 2017 zilikuja prosesa za kizazi cha nane kwa soketi yenye namba ileile ya 1151 iliyotumiwa na kizazi cha saba. Ziliingia mahali pake bila shida, lakini kwenye ubao wa zamani hazikufanya kazi. Ilibidi kununua ubao mpya. Kifaa kuingia mahali pake hakuthibitishi kwamba kitakubali, na nusu ya elimu hii ni kujua tofauti hiyo.

Leo mwenye kutazama mbele anaelekezwa kwenye AM5, iliyoanza 2022, ambayo AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Tatizo ni kwamba AM5 inatumia ramu ya DDR5 peke yake, na bei ya ramu ilipanda sana kuelekea mwisho wa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Ikiwa ramu ya DDR5 itakula fedha ya kadi, chukua AM4, inayotumia ramu ya zamani ya DDR4, na Ryzen 5 5600 bila kuona aibu. Soketi hiyo imefika mwisho wake, ni kweli, lakini prosesa ya viini sita bado inabeba gemu nyingi, na siku ikikushinda utaitafuta 5700X3D au 5800X3D iliyotumika. Wapo wanaohubiri kwamba ununue ubao wa bei kubwa leo ili ukufae kesho. Siafikiani nao. Sehemu kubwa ya bei hiyo hulipia milango na mapambo ambayo mchezaji wa kawaida hatayagusa kamwe.

Kuna njia inayowapendeza wanafunzi: nunua Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiksi ndani yake, cheza Valorant na gemu nyepesi, kadi uiongeze fedha ikipatikana. Ni njia nzuri, ila ina mtego. Grafiksi hiyo ya ndani hukopa ramu ya kompyuta, hivyo vipande viwili vya GB 8, vikisomwa sambamba, huipa nguvu kuliko kipande kimoja cha GB 16, na ili ubaki na nafasi ya kuongezea, ubao wenye nafasi nne za ramu unakufaa kuliko wenye mbili. Tena 5600G inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na prosesa. Ukija kuichomekea RX 6500 XT, kadi yenye GB 4 na njia nne tu za data, utapoteza fremu kwa namna inayoonekana, kwa kuwa njia hizo nne zilitarajiwa kwenda kwa kasi ya PCIe 4.0. RX 6600 ina njia nane na GB 8, na haiumii kiasi hicho.

Pawa saplai haina mashabiki, nami nitaitetea. Chukua ile ya bei rahisi inayokuja ndani ya kesi, igeuze, usome lebo. Juu imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Shuka kwenye jedwali dogo utafute safu ya volti 12: ukikuta ampea 18, zidisha. Ni wati 216. Prosesa na kadi ya grafiksi hula karibu umeme wao wote kwenye safu hiyo, kwa hiyo kazi ya gemu inategemea 216, na zile 500 za juu ni za kuuzia. Kadi ya RX 6600 peke yake inahitaji wati 132. Kwenye mitaa yetu ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kubana fedha hapa ni kuhatarisha kila kilichounganishwa. Nunua yenye wati 550 au 650 za kweli, na kadi ya kesho itakuta nafasi.

Siwezi kuziacha zile kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazoitwa ex-UK, hasa Dell OptiPlex ndogo. Kwa anayeanza ni bei nafuu ya haki. Ukichomeka GTX 1650 fupi isiyo na waya wa umeme, unacheza jioni hiyohiyo. Lakini nyingi zina pawa saplai na viunganishi vya Dell yenyewe, kesi haipokei kadi ndefu, na sloti ya kadi hutoa wati 75 tu. Tena angalia kizazi: Windows 10 ilifikia mwisho wa usaidizi wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hudai rasmi kizazi cha nane kwenda juu. Inunue kwa ajili ya leo, wala usimruhusu muuzaji akutoze fedha ya kesho.

Kurasa zinazofuata zitaingia ndani ya kila kifaa. Kabla hujafika huko, jizoeze jambo moja. Andika jina kamili la ubao mama, pamoja na namba ya toleo lake, kisha fungua orodha ya prosesa iliyotolewa na mtengenezaji wake. Kando ya kila prosesa pameandikwa toleo la BIOS linalohitajika. Ubao wa B450 uliokaa stoo tangu 2019 hautaitambua Ryzen 5 5600 mpaka usasishwe, na mnunuzi asiyejua hilo hurudi nyumbani na kompyuta yenye feni zinazozunguka na skrini nyeusi. Mwombe fundi aisasishe palepale dukani, aiwashe ukiona, ndipo umlipe.