Ssenga, Shangazi Anayewaozesha Waganda

Kwenye uwanja wa nyumba ya mzee fulani huko Buganda, mahema mawili hutazamana. Moja ni la wenyeji. Jingine ni la wageni waliofika na vikapu vilivyofunikwa, sukari, sabuni, kanzu za wazee na jogoo mmoja. Kwa saa nzima wasemaji wa pande mbili wametupiana mafumbo, yule wa wenyeji akishikilia kwamba hawajui wageni hawa wala walichofuata. Kisha mwanamke wa makamo aliyevaa gomesi hutoka upande wa wenyeji, ua mkononi, na kuanza kupita kati ya wageni. Anamtafuta mkwe. Anampita makusudi, anamkagua mwanamume mwingine kabisa, watu wanacheka, anarudi nyuma. Mwishowe ua linachomekwa kifuani pa mwenyewe.

Mwanamke huyo ndiye ssenga, dada wa baba yake binti. Huo utafutaji ni mchezo tu, maana kijana amekwisha kufika nyumbani kwake zamani, katika ziara ya awali iitwayo kukyala. Sherehe hii kubwa, kwanjula, ambapo binti humtambulisha mchumba wake mbele ya wazazi, haifanyiki kabla ya ssenga kuridhika.

Kwa nini shangazi, na si mama aliyemzaa?

Jibu limo katika mpangilio wa koo. Buganda ina koo zaidi ya hamsini, na kila ukoo una mwiko wake, mara nyingi mnyama, ambao watu wa ukoo huo hawali: watu wa Mbogo hawagusi nyama ya nyati, wa Nsenene hawali senene hata msimu wake ufikapo na Masaka nzima ikanuka kikaango. Mtoto hufuata ukoo wa baba. Mke haachi ukoo aliozaliwa nao anapoolewa. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mama ni wa ukoo tofauti na wa watoto aliowazaa. Mwanamke mtu mzima aliye wa ukoo mmoja na binti ni dada wa baba, na yeye naye ameolewa kwingine. Ana damu ya huku na macho ya kule. Ukoo ambao binti zake wametawanyika katika koo nyingine kumi una wapelelezi kumi, na hawahitaji kulipwa.

Kazi ya kwanza ya ssenga kwa hiyo ni ukaguzi kuliko mapenzi. Mganda haoi katika ukoo wa baba yake, wala katika ukoo wa mama yake. Hilo la pili ndilo linalowanasa vijana, kwa kuwa jina humtambulisha mtu kwa upande wa baba tu. Majina mengi ya Kiganda ni ya ukoo, na mtu mzima akisikia jina anaweza kujua anazungumza na nani. Lakini yapo yasiyosema lolote: Wasswa na Kato, Babirye na Nakato hupewa mapacha wa ukoo wowote. Basi ssenga huuliza. Baba yako nani, babu yako nani, mama yako kazaliwa ukoo gani, makaburi ya kwenu yako wapi? Kijana asiyeweza kutaja watu wake hadi tawi la ukoo hushukiwa, hata akiwa na gari jipya nje.

Elimu hii iliandikwa mapema. Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda hadi 1926 na mtu wa ukoo wa Nsenene, aliandika vitabu juu ya wafalme, mila na koo; mmisionari John Roscoe alitoa kitabu chake kikubwa, The Baganda, mwaka 1911. Hata hivyo, mwenye kumwozesha binti hakwenda maktaba. Alikwenda kwa shangazi. Ufalme ulipofutwa mwaka 1967, Buganda ilikaa bila Kabaka (mfalme) hadi 1993, na katika miaka yote hiyo mwiko wa kuoana ndani ya ukoo haukufutika, kwa sababu haukutegemea ikulu ya Mengo pekee. Ulikuwa sebuleni kwa akina ssenga. Ukoo bado ni jambo la kutajwa hadharani: Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alipofunga ndoa na Sylvia Nagginda katika kanisa la Namirembe mwaka 1999, watu walijua bibi harusi anatoka ukoo wa Musu.

Msomaji wa Tanzania au wa pwani ya Kenya atamfikiria mshenga, na si vibaya. Tofauti ni kwamba mshenga hutumwa na upande wa mwanamume, akabeba posa na kurudi na jibu. Ssenga amekaa upande wa pili wa mlango. Hata hivyo pwani imechangia katika sherehe yenyewe: kanzu anayovaa bwana harusi wa Kiganda ilifika na wafanyabiashara waliotoka pwani, walioingia katika baraza la Kabaka Suuna II miaka ya 1840. Leo mwanamume asiye na kanzu kwenye kwanjula ni kama hakuja.

Kazi ya pili huzungumzwa kwa sauti ya chini. Ssenga ndiye mwalimu wa binti katika mambo ya mwili na chumba, tangu anapovunja ungo. Kwa desturi mama hayasemi hayo kwa mwanawe. Mafunzo hayo yana lawama zake. Humfundisha binti kupiga magoti, kuvumilia na kumpendeza mume, na yamo mambo ya kubadili maumbile ambayo watetezi wengi wa wanawake hawayakubali. Mwanasheria na msomi wa Makerere, Sylvia Tamale, aliandika juu ya ssenga mwaka 2005 na kuona pande zote mbili: taasisi inayomfunga mwanamke, na papo hapo mahali pachache ambapo mwanamke hufundishwa na mwanamke mwenzake kwamba raha ya ndoa ni yake pia. Ukimwi ulipoteketeza familia za Rakai na Masaka, watafiti wa afya waliwageukia akina ssenga wa vijijini na kuwafunza kuwaeleza wasichana kuhusu virusi na kondomu. Walichagua sikio ambalo tayari lilikuwa wazi.

Siku hizi vijana hukutana wenyewe, chuoni, kazini, kanisani au kwenye simu. Sheria nayo iko upande wao: Katiba ya Uganda ya 1995 inataka umri wa miaka 18 na hiari ya wote wawili, hivyo ssenga hana tena uwezo wa kumchagulia mtu. Anapelekewa jina lililokwisha kuchaguliwa na kuombwa abariki. Tena kazi ya kuozesha imegawanyika. Yale mafumbo ya hemani sasa husemwa na msemaji wa kukodi, mcheshi anayelipwa kwa siku. Ushauri wa chumbani umehamia redioni na magazetini, ambako wanawake wanaojiita ssenga huwajibu maelfu wasiowajua kwa sura. Familia ambayo shangazi amefariki au yuko London hukodi mwanamke wa kusimama mahali pake na ua.

Hapo ndipo panapostahili kutiliwa shaka. Ukaguzi wa koo unaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kumbukumbu, na utani unaweza kununuliwa. Lakini desturi ilimpa ssenga kazi ya tatu, inayoanza wageni wakishaondoka. Mke wa Kiganda anayekimbia nyumba ya mume hurudi kwao au hukimbilia kwa shangazi huyu. Yeye humpokea, humsikiliza, humwita mume aje na wazee wake, na mume aliyekosa hutozwa kabla ya kurudishiwa mke. Shauri likiwa zito, ni yeye anayekumbuka kilichosemwa siku ya kukyala, nani aliahidi nini, na kama jogoo wa kaka wa binti alitolewa au alisahauliwa, jambo ambalo shemeji hawezi kulimeza kirahisi. Ssenga wa kukodi amekwisha kulipwa na kuondoka na gomesi aliyopewa, na mara nyingi namba yake ya simu ilibaki kwa mwandaaji wa sherehe.