Moshi mweusi na gari kula petroli: Pima presha kabla ya kununua spea

MMILIKI wa gari linalotoa moshi mweusi na kubugia petroli kupita kawaida aghalabu huondoka gereji akiwa ameuziwa plagi mpya. Moshi ukirejea baada ya siku chache, huuziwa pampu ya petroli. Akirudi mara ya tatu huambiwa kwamba injekta zimeharibika. Kumbe huenda hitilafu imo katika kifaa kidogo kinachotoshea kiganjani: reguleta ya presha ya mafuta.

Hasara ya aina hii huuma zaidi nchini Kenya, ambako wenye magari husubiri kwa wasiwasi bei mpya za mafuta zinazotangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kila tarehe 14 ya mwezi. Hata hivyo, hitilafu ya reguleta inaweza kuthibitishwa kwa muda mfupi na kwa kutumia geji moja tu, mradi fundi aelewe kazi ya kifaa hicho.

Kazi ya reguleta

Katika magari yasiyotumia karbureta, pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli hadi kwenye reli, yaani bomba linalogawia injekta mafuta. Pampu hiyo husukuma petroli nyingi kuliko inayohitajika na injini. Reguleta, ambayo kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa reli, ndiyo huamua kiasi kitakachobaki na kitakachorudi tangini.

Ndani yake mna kiwambo chembamba cha mpira kinachokandamizwa na springi. Presha ya petroli ikiishinda springi, kiwambo huinuka na kufungua njia ya mafuta ya ziada kurudi tangini. Upande wa pili wa kiwambo umeunganishwa kwa paipu ndogo ya mpira na manifoldi inayopitisha hewa kuingia kwenye injini.

Injini inaponguruma gari likiwa limesimama, mvuto wa hewa manifoldini huwa mkubwa. Mvuto huo husaidia kuinua kiwambo, na presha ya petroli hushuka. Dereva akikanyaga mafuta, mvuto hupungua na presha hupanda. Kwa njia hiyo, tofauti kati ya presha ya petroli na ile ya manifoldi haibadiliki, na kompyuta ya gari huweza kukadiria kiasi cha mafuta kwa kuhesabu tu muda ambao injekta imefunguka.

Hapo ndipo penye mtego. Magari mengi ya aina hii hayana kihisio cha kupima presha ya petroli. Mashine ya kusoma kompyuta inaweza kuonyesha msimbo P0172, kwamba petroli imezidi hewa, au P0171, kwamba imepungua. Hayo ni matokeo, wala si chanzo. Fundi anayenunua spea kwa kufuata msimbo pekee huwa anabahatisha.

Dalili

Presha ikizidi, au kiwambo kikipasuka na petroli ikavutwa moja kwa moja hadi manifoldini, moshi huwa mweusi, ekzosi hunuka petroli na plagi hujaa masizi. Aidha, injini huwa ngumu kuwaka ikiwa ingali moto. Wakati mwingine oili hunuka petroli na kiwango chake kuongezeka. Gari lisiporekebishwa, oili iliyochanganyika na petroli hulainisha injini vibaya, nacho kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi huungua.

Presha ikipungua, gari hukosa nguvu kwenye mlima, husitasita dereva anapokanyaga mafuta, na stata huzunguka kwa muda mrefu kabla ya injini kuwaka. Dalili hizi hufanana mno na zile za pampu iliyochoka au chujio lililoziba.

Tahadhari

Petroli iliyo chini ya presha ikirukia ekzosi yenye moto huweza kuteketeza gari na gereji pia. Vipimo vifanyiwe mahali penye hewa ya kutosha, pasipo sigara wala cheche, na kizima-moto kiwe karibu. Kabla ya kufungua bomba lolote, presha ipunguzwe kwa kutoa fyuzi au relei ya pampu, kisha kuiacha injini ingurume hadi izime yenyewe. Baada ya hapo betri itenganishwe, na kiungo kinachofunguliwa kifunikwe kwa kitambaa.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, paipu ndogo inayotoka kwenye manifoldi ichomolewe kwenye reguleta. Ikiwa na petroli, au ikinuka petroli mbichi, kiwambo kimepasuka na reguleta haina budi kubadilishwa. Paipu yenyewe pia ikaguliwe: ikiwa na ufa au imeziba, presha itapanda ilhali reguleta ni nzima.

Pili, geji ifungwe kwenye njia ya petroli na injini iwashwe. Mfano mzuri ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 4A-FE. Paipu ya manifoldi ikiwa mahali pake, geji inapaswa kuonyesha kati ya 31 na 37 PSI, kipimo kilekile kinachotumiwa kwa upepo wa magurudumu. Paipu ikichomolewa na kuzibwa, presha inapaswa kupanda mara moja hadi kati ya 38 na 44 PSI. Isipobadilika hata kidogo ilhali paipu inavuta hewa sawasawa, reguleta haifanyi kazi. Ikumbukwe kwamba Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvuto wa manifoldi huwa mdogo kuliko Mombasa. Hivyo basi, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili itakuwa ndogo kiasi.

Tatu, iwapo presha iko chini, bomba la mpira linalorudisha petroli tangini libanwe kwa muda mfupi sana huku geji ikitazamwa. Presha ikiruka juu, pampu ina nguvu na reguleta ndiyo inayovujisha. Isipopanda, kosa litafutwe kwenye pampu, chujio au umeme unaoifikia pampu. Bomba la plastiki lisibanwe kamwe kwani litapasuka.

Iwapo presha iko juu, bomba hilohilo la kurudisha mafuta likaguliwe kwanza. Likiwa limepondeka au limeziba, reguleta mpya haitasaidia chochote.

Nne, injini izimwe na geji iachwe kwa dakika tano. Katika Corolla hiyo, presha inapaswa kubaki angalau 21 PSI. Ikishuka upesi, jaribio lirudiwe huku bomba la kurudisha mafuta likibanwa punde tu injini inapozimwa. Presha ikikaa, reguleta inavuja. Ikiendelea kushuka, lawama huhamia kwa vali ya pampu au injekta zinazodondosha mafuta.

Magari ya kisasa

Magari mengi yaliyoingia nchini baadaye hayana bomba la kurudisha petroli. Katika Toyota Probox na Vitz zenye injini ya 1NZ-FE, reguleta imo ndani ya tangi pamoja na pampu, na haina paipu ya manifoldi. Presha yake haibadilikibadiliki, bali hukaa kati ya 44 na 50 PSI. Kifaa cha mviringo kilicho kwenye reli ya injini hiyo ni cha kutuliza mtikisiko wa mafuta. Anayekibadilisha akidhani ni reguleta anapoteza fedha.

Nayo magari ambayo injekta zake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama vile yenye injini za D-4 za Toyota na FSI za Volkswagen, yana upande wa presha kubwa mno. Geji ya kawaida haifai huko, na bomba lake likifunguliwa ovyo laweza kumjeruhi fundi vibaya. Hayo yaachiwe wenye vifaa maalumu.

Vipimo hutofautiana kati ya injini na injini. Kwa hivyo takwimu za gari husika zitafutwe katika kitabu cha mtengenezaji. Reguleta ikibadilishwa, mpira wake wa duara uwe mpya na presha ipimwe upya kabla ya gari kutoka gereji. Reguleta iliyotumika nayo ipimwe vivyo hivyo, kwani kiwambo chake kimezeeka pamoja na gari lililotolewa. Mteja naye ana haki ya kuonyeshwa geji kabla ya kulipia spea yoyote.