Kolesteroli Haishuki? Pima TSH Kabla ya Kuongeza Dawa

Mwenye kisukari aina ya pili hushauriwa kupima mafuta ya damu karibu kila mwaka. Kipimo cha tezi ya thairoidi, kiitwacho TSH, ni cha baadhi tu. Kwa wanaotibiwa Kisumu, huu hapa mpangilio usiotoboa mfuko.

Kidole au mshipa?
Kipimo cha kutoboa kidole katika duka la dawa ni rahisi, lakini mara nyingi hutoa namba moja: kolesteroli kwa jumla. Jumla inaweza kupendeza huku trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) zikiwa juu na HDL (kolesteroli nzuri) ikiwa chini, hali ya kawaida kwenye kisukari. Lipia kipimo kamili, chenye LDL (kolesteroli mbaya). Kwa kawaida si lazima kukifanya kwa njaa. Uliza maabara mapema, maana kutoka Mbita au Kendu Bay bila kula, nawe umemeza dawa ya sukari, ni hatari. Trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L, huenda ukatakiwa kurudia baada ya kufunga.

TSH peke yake au kifurushi?
Usikubali haraka kifurushi cha TSH pamoja na homoni za tezi, T4 na T3. Anza na TSH. Ikitoka nje ya kiwango, ndipo T4 huru iongezwe. T3 haisaidii sana kutambua tezi iliyolegea.

Anayestahili kulipia TSH ni yule ambaye LDL yake imekataa kushuka ingawa anameza statini (dawa ya kolesteroli) kila siku, au mwenye uchovu, kuhisi baridi, kufunga choo, kunenepa bila sababu au uvimbe shingoni. Tezi ikilegea, ini huondoa LDL polepole. Levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, inaweza kuishusha, ilhali kuongeza statini kabla ya kutibu tezi huzidisha hatari ya maumivu ya misuli. Hata hivyo, usiache dawa yoyote bila daktari.

Hospitali ya umma au maabara ya binafsi?
Katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia, daktari na maabara wako pamoja. Gharama nyingine ni foleni. Maabara ya binafsi huokoa muda, lakini matokeo utampelekea daktari mwenyewe, na nauli ya pili ihesabu pia. Kokote uendako, omba vipimo vyote vifanywe kwa damu ya siku moja.

Kuhusu bima, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hutoza angalau shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kabla ya kutolewa damu, uliza dirishani kama inalipia TSH kwa mgonjwa asiyelazwa, na kama vitendanishi vipo.

Mwenye pesa kidogo
Nunua kwanza kipimo kamili cha mafuta, kisha TSH ukiwa na dalili au LDL ikikataa kushuka. Ukianzishiwa levothairoksini, rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Kuirudia mapema zaidi ni kulipia jibu ambalo halijaiva.