Je, Wajua? Hakimu, Mrithi wa Liwali

Je, wajua kwamba hakimu wa mahakama ya mwanzo ya Kariakoo, asikilizaye madai ya deni, talaka na mirathi, ni mrithi wa liwali? Zama za Waingereza zilikuwako mahakama za namna mbili, moja ya serikali, na nyingine ya wenyeji, ambamo liwali alikata mashauri kwa mila na sharia ya Kiislamu. Hata ilipoanza kutumika mwaka 1964 Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, mgawanyo ule ukaondoka, na mahakimu wote wakapangwa safu moja chini ya Mahakama Kuu.

Katika mahakama ya mwanzo lugha ni Kiswahili, na kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kuingia kumsemea mtu. Kwa sheria ya 1984 hakimu aliketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili, nao kura zao zilikuwa sawa na yake, hata wakiafikiana waliweza kumshinda: hekima kubwa, kwa rai yangu, kupita majoho.

Hata Mwalimu Nyerere alipata kusimama kizimbani mbele ya hakimu. Agosti 1958, hakimu mkazi wa Dar es Salaam alimtia hatiani kwa kuwakashifu mabwana wilaya wawili katika jarida la Sauti ya TANU, akamtoza faini ya shilingi 3,000, ama kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, na mwaka 1961 mshitakiwa yule akawa Waziri Mkuu.