Hati, Haki na Mdhamini: Maneno Matatu ya Sheria ya Ardhi

Wachungaji na wainjilisti wanaohudumu katika sharika za wafugaji huulizwa mara nyingi swali lisilofundishwa darasani: karatasi hii ya ardhi inasema nini? Huko Engaresero, Wilaya ya Ngorongoro, kati ya Ziwa Natron na mlima Oldoinyo Lengai, swali hilo si dogo, kwa kuwa malisho na maji ndiyo uhai wa mifugo na wa watu. Msamiati wa sheria zetu za ardhi ulirithiwa kutoka Kiingereza; hivyo yafaa tuchunguze maneno yake matatu.

La kwanza ni "title", ambalo twaliita hati. Latokana na Kilatini titulus, yaani maandishi yaliyowekwa wazi ili watu wasome. Anwani ambayo Pilato aliiweka juu ya msalaba (Yoh. 19:19) iliitwa kwa neno hilo hilo. Kwa asili, basi, hati hutangaza haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 yakubaliana na maana hiyo: haki ya kimila ipo hata kabla ya cheti kutolewa, nayo ina hadhi sawa na haki iliyotolewa na Serikali. Cheti ni ushahidi wake.

La pili ni "occupancy", lenye asili katika kitenzi cha Kilatini cha kushika au kutwaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, wakati wa utawala wa Waingereza, iliweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana. Raia akabaki na haki ya kuikalia na kuitumia. Sisi twasema "hakimiliki", neno lenye milki ndani yake. Hivyo msomaji wa Kiswahili aweza kudhani amepewa zaidi ya yale yaliyokusudiwa na sheria.

La tatu ni "trustee", yaani mdhamini. Kiingereza chatoka katika uaminifu. Kiswahili chatoka katika dhamana, wajibu uchukuliwao kwa ajili ya mwingine. Kisheria, Rais ni mdhamini wa ardhi yote kwa niaba ya raia wote, na Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini wa wanakijiji. Kwa hiyo halmashauri inayogawa malisho bila idhini ya Mkutano wa Kijiji imevunja dhamana.

Maandiko yatufundisha kuwa ardhi ni ya Bwana, nasi ni wapitaji (Law. 25:23). Tena Nabothi aliuawa kwa barua zilizotiwa muhuri wa mfalme (1 Fal. 21:8). Maandishi yaweza kulinda haki, na yaweza kuiangamiza. Kwa hiyo hatuna budi, sisi watumishi, kuisoma karatasi pamoja na Wakristo wetu, neno kwa neno, kabla mtu hajaweka dole gumba lake.